Sura ya Sita: Afya Bila Daftari

Karibu na lango la kituo cha afya cha umma jijini Nairobi hakukosekani kibanda kinachouza maji, biskuti na madaftari ya shule. Wanunuzi wakubwa wa madaftari hayo ni wagonjwa. Ukifika kaunta mikono mitupu, karani atakurudisha: "Nenda ununue kitabu kwanza, mama." Kitabu hicho chembamba ndicho faili lako. Humo ndimo daktari anamoandika presha, joto, dalili, dawa na tarehe ya kurudi. Kikijaa unanunua kingine, na cha zamani mara nyingi hakirudi tena hospitali. Kikilowa mvua au kikisahaulika kwenye matatu, habari za mwili wako za miaka kadhaa zimekwenda nacho.

Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mgonjwa wa Nairobi daftari analo. Shida ni kwamba nakala ni moja, imeshikwa na mtu anayeumwa, na hakuna kituo kingine kinachoweza kuisoma mpaka yeye mwenyewe aibebe.

Chukua mtaa wa Kabiria, magharibi mwa jiji, katika Dagoretti Kusini, baina ya Satellite na Waithaka. Mama mjamzito anayeishi hapo huenda akaanza kliniki katika Kituo cha Afya cha Riruta, ambacho ni cha Kaunti ya Nairobi. Akipandwa na homa usiku, atabisha kwenye kliniki ya mtu binafsi iliyo chini ya jengo la ghorofa. Asubuhi yake atapita kwa kemisti kumalizia dawa ambazo hazikupatikana. Mimba ikileta matatizo, atapewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Mbagathi, nayo ni ya kaunti, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo ni ya serikali kuu. Milango minne au mitano, waajiri watatu, na kila mlango una daftari lake. Akifika kujifungua bila karatasi zake, vipimo vinaanza upya: kundi la damu, wingi wa damu, virusi vya Ukimwi, mkojo. Analipa mara ya pili kwa jambo ambalo nchi ilikuwa imekwisha kulijua.

Kwamba Kenya inahitaji kumbukumbu moja ya afya inayomfuata mgonjwa, hilo halibishaniwi na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni. Ubishi uko kwingine, na ndio unaotuhusu katika sura hii: gharama ya kumbukumbu hiyo inatoka wapi? Historia ya robo karne iliyopita inaonyesha kwamba anayelipia daftari ndiye anayeamua kitakachoandikwa ndani yake.

Mosoriot, 2001

Hadithi ya kompyuta katika kliniki za Kenya ilianzia mbali na Nairobi. Mosoriot ni kituo cha afya cha mashambani katika Nandi, si mbali na Eldoret. Februari 2001, madaktari na watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliweka hapo mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa. Mgonjwa aliandikishwa mlangoni, akapewa fomu moja, akaibeba kwa muuguzi, maabara, duka la dawa na mtunza fedha, kisha karani akaingiza yaliyomo kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajatoka. Programu yenyewe ilijengwa juu ya Microsoft Access, chombo ambacho hata mwenye duka la vipuri angeweza kukitumia kuhesabu bidhaa zake.

Watafiti walipima kilichotokea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22, muda wake wa kusubiri kwa asilimia 38, na muda ambao mhudumu alitumia kwa kila mgonjwa kwa asilimia 58. Ripoti za kila mwezi za Wizara ya Afya, ambazo zamani ziliwalazimu wauguzi kukaa na kalamu wakihesabu vijistari, sasa kompyuta ilizitoa yenyewe.

Mosoriot haikuwa na kandarasi ya mabilioni wala uzinduzi wa rais. Ilikuwa na jambo moja ambalo mipango mingi iliyofuata ililisahau: aliyeandika ndiye aliyefaidi, na alifaidi siku ileile. Muuguzi aliyejaza fomu vizuri aliondoka kazini mapema. Kwa hiyo alijaza vizuri.

Kutokana na kazi hiyo ya Eldoret, na janga la Ukimwi lililokuwa likizijaza kliniki wagonjwa wanaohitaji kufuatiliwa maisha yao yote, mwaka 2004 ilizaliwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, halafu Rwanda. Uganda nayo ikajenga juu yake mfumo uitwao UgandaEMR. Kenya, basi, haikuja kwenye soko la teknolojia ya afya kama mgeni. Ilisaidia kulijenga.

Fedha za VVU

Mlipaji mwenye mfuko mnene alikuwa mpango wa rais wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR. Aliyelipia alitaka kujua ni watu wangapi wanameza dawa, wangapi wamepotea, na wangapi virusi vyao vimefifia. Maswali ya maana kabisa, yaliyookoa maisha. KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS na kuanza kusambazwa takriban mwaka 2012, ilijibu maswali hayo katika mamia ya vituo. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa pia imehamia kwenye mfumo wa kitaifa wa takwimu uliojengwa juu ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, na ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuutumia kupitia mtandao nchi nzima.

Matokeo yake yalikuwa sura mbili chini ya paa moja. Upande wa huduma za VVU ulikuwa na kompyuta, karani wa data, betri ya akiba umeme unapopotea, na mtu wa kupigiwa simu mashine ikigoma. Hatua chache kutoka hapo, upande wa wagonjwa wa kawaida, muuguzi alikuwa akipiga mistari kwa wino kwenye rejista za wizara. Mama mmoja wa kliniki ya wajawazito aliandikwa kwenye kijitabu chake, kwenye rejista ya MOH 405, na kwenye rejista ya maabara. Mwisho wa mwezi alihesabiwa tena katika fomu ya MOH 711, ambayo ilipaswa kufika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ili iingizwe kwenye mtandao kufikia tarehe 15. Katika safari hiyo jina lake lilibaki nyuma. Nairobi ilijua ni wajawazito wangapi walihudhuria kliniki mwezi huo. Haikujua kama mwanamke huyu aliyeonekana Januari ndiye yule asiyeonekana Machi.

Mgonjwa wa kisukari hakuwa na PEPFAR yake. Mwenye presha vilevile. Kumbukumbu zao zikabaki kwenye madaftari ya shule, kwa sababu hakuna aliyelipia kuzikumbuka. Na Januari 2025, Washington iliposimamisha misaada yake ya nje, hata kazi ya waliokuwa wakilea mifumo ya VVU ikatikisika ndani ya siku chache. Daftari lililonunuliwa na jirani, jirani anaweza kulichukua.

Serikali ilijaribu njia nyingine pia. Kuanzia 2015 ilikodi vifaa vya kisasa vya matibabu kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali nne za kitaifa, kwa mpango uliotajwa kuwa wa shilingi bilioni 38 kwa miaka saba. Baadaye ukafuata mkataba wa shilingi bilioni 4.9 wa kuziunganisha hospitali hizo kwa kompyuta. Mkataba huo ulivunjika kabla mfumo haujasimama. Kaunti, ambazo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ndizo zenye dhamana ya hospitali na zahanati, ziliendelea kununua programu zao kila moja kivyake, hii kwa kampuni hii, ile kwa kampuni ile. Programu zikawa nyingi, na hazikuweza kuongea.

Asilimia ya kila dai

Sheria ya Afya ya 2017 ilitaka itungwe sheria ya afya ya kielektroniki ndani ya miaka mitatu. Ilichukua sita. Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Dijitali. Ndani yake kuna mambo mazuri. Inaunda wakala wa kusimamia mfumo mmoja wa kitaifa, na inatamka kwamba data ya afya ni rasilimali ya kimkakati ya taifa. Sheria nyingine katika kundi hilo iliunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo tarehe 1 Oktoba 2024 ilichukua nafasi ya NHIF, bima iliyokuwapo tangu 1966. Mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Fundi wa jua kali na mama mboga wanapimwa uwezo wao, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

SHA haiwezi kufanya kazi bila kompyuta. Lazima imjue mwanachama, ijue kituo, ipokee dai, ilipe. Kazi ya kujenga mfumo huo ilipewa muungano wa kampuni tatu: Safaricom, kampuni ya simu ambayo kila Mkenya anaijua, Konvergenz Network Solutions, na Apeiro, yenye mizizi Abu Dhabi, ambayo ndiyo iliyobeba zaidi ya nusu ya ubia huo. Mkataba ni wa miaka 10 na thamani yake shilingi bilioni 104.8.

Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iliuweka mkataba huo mezani. Alisema ununuzi haukuwa kwenye mpango wa manunuzi wala bajeti, na kwamba ulipitia utaratibu maalumu badala ya zabuni ya ushindani. Alisema pia kwamba umiliki wa mfumo hauko mikononi mwa serikali, na kwamba mkataba unaibana serikali isijenge mfumo mwingine wa kushindana nao. Wizara ilijibu kwamba hakuna mabilioni yaliyolipwa mbele: muungano unaweka mtaji wake na unalipwa kadiri huduma inavyotumika, na kwa njia hiyo hatari ya kushindwa inabaki kwa mwekezaji.

Majibu hayo si ya kupuuzwa. Hazina ya taifa haikuwa na fedha za kununua mfumo kwa mkupuo, na mikataba iliyotangulia ilikuwa imeonyesha jinsi serikali inavyoweza kulipa na kubaki mikono mitupu. Lakini tazama namna ya kulipa. Kwa mujibu wa ripoti ya Mkaguzi, fedha zitatoka katika asilimia 2.5 ya michango ya wanachama, asilimia 5 ya madai ya vituo, na asilimia 1.5 ya huduma ya kufuatilia bidhaa za afya. Tuifanye hesabu iwe ya nyumbani. SHA ilipoanza iliweka shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kwa asilimia 5, dai la kwanza linazaa shilingi 500 za mfumo, la pili 1,500.

Sasa uliza: muuguzi anapoandika kwamba mtoto wa Kabiria amekosa chanjo ya surua, linazaliwa dai gani? Mhudumu wa afya ya jamii anapoandika kwenye simu yake kwamba mzee wa nyumba ya tatu ameacha dawa za presha, nani anachangia asilimia? Hakuna. Maandishi yanayookoa fedha na maisha kesho hayaingizi senti leo. Huhitaji kumshuku mtu nia mbaya ili kuona fundi atatumia wapi nguvu zake. Atakaza kwanza bomba linalopitisha fedha, na hilo ndilo alilolipiwa.

Tusiidharau faida ya bomba hilo. Dai lililoandikwa kwenye mfumo linaacha nyayo. Ni nyayo hizo zilizomwezesha Waziri wa Afya Aden Duale, mwaka 2025, kusimamisha makumi ya vituo vilivyoshukiwa kudai fedha kwa wagonjwa hewa na kwa upasuaji ambao haukufanyika. NHIF ilivuja kwa miaka mingi gizani. Hata Tanzania, iliyokwenda njia tofauti kwa kujenga mfumo wa GoTHOMIS kwa mikono ya wataalamu wa serikali yenyewe, mojawapo ya faida zilizosifiwa mapema ilikuwa makusanyo ya ada kupanda. Fedha ni mlango halali wa kuingilia. Hatari ni kujenga mlango na kusahau nyumba.

Saa mbili asubuhi

Mpango mkubwa wa kitaifa hupimwa mahali padogo. Nenda kaunta yoyote ya kituo cha ngazi ya tatu saa mbili asubuhi, wakati foleni imefika nje na watoto wameanza kulia.

"Mama, uko SHA?"

"Niko, daktari. Lakini ile laini niliandikisha nayo ilipotea."

"Basi ile namba itatumwa huko huko. Una laini nyingine? Ya mzee?"

"Mzee yuko kazini na simu."

Mazungumzo ya namna hiyo yalisikika sana mwaka wa kwanza wa SHA, uthibitisho ulipokuwa ukipitia ujumbe mfupi wa simu. Mbele ya mwanakompyuta ni jambo jepesi: mtu mmoja, namba moja. Kwenye nyumba za mabati za Kabiria simu moja hutumiwa na watatu, laini hubadilishwa kwa ofa ya bando, na bibi hutegemea simu ya mjukuu aliye shuleni. Wizara ikaanza kusukuma alama za vidole. Hizo nazo zina wenyewe: mwanamke anayefua nguo za watu kila siku na mjenzi anayeshika saruji vidole vyao hugoma kusomeka.

Kisha kuna neno linaloogopwa kuliko yote: sistimu iko chini. Mtandao ukikatika, karani anarudi kwenye karatasi, na karatasi hiyo lazima iingizwe baadaye, jioni, na mtu yuleyule. Hapo ndipo muuguzi anapoanza kuandika mara mbili, na yeyote anayeandika mara mbili siku moja ataandika mara moja tu. Atachagua lipi? Lile linaloleta malipo ya kituo. Dai litatumwa. Vipimo, mzio na historia ya mimba iliyotangulia vitabaki kwenye kitabu cha shule.

Hivi ndivyo nchi inavyoweza kutumia mabilioni na bado mama akaingia wodini na daftari mkononi. Jina lake litakuwamo kwenye mfumo, malipo yake pia, lakini kwa daktari wa zamu ya usiku pale Mbagathi atakuwa mtu mpya.

Ukurasa wa mwisho wa mkataba

Waandaaji wa miradi kama hii hupenda kuanzia kwenye ukurasa wa kwanza: mfumo utafanya nini. Walioungua huanzia wa mwisho: tutaachanaje.

Uingereza ni shule nzuri. Mwaka 2002, chini ya Tony Blair, ilianzisha mpango wa kuziunganisha hospitali zote za umma za England. Nchi iligawanywa katika kanda, na kila kanda ikapewa kampuni kubwa. Madaktari, ambao ndio wangetumia mfumo, waliletewa maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Accenture ilijitoa 2006. Mkataba na Fujitsu ulivunjika 2008 na kesi yake ikaendelea kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunjavunja mpango wenyewe, gharama yake ikiwa imekadiriwa kufika pauni bilioni 11.4. Nchi yenye mawakili wengi na wahasibu wengi kuliko Kenya ilishindwa kutoka kwenye ndoa hiyo bila kulipa talaka kubwa.

Kwa hiyo ukiwa umekaa mezani na mwenye teknolojia, yapo mambo ambayo hayafai kuachwa yajadiliwe baadaye.

La kwanza ni rejista kuu. Nani ni mgonjwa, kipi ni kituo, nani ni mhudumu mwenye leseni, ipi ni dawa halali: orodha hizi nne ni nguzo za nyumba yoyote ya data ya afya. Kenya ilikuwa na orodha kuu ya vituo vyake miaka mingi kabla ya SHA. Orodha hizi zikiwa za serikali, kampuni hubadilishwa kama mpangaji anavyohama. Zikiwa za kampuni, mpangaji ndiye mwenye nyumba.

La pili ni lugha ya mashine. Dunia imekubaliana juu ya viwango vya kubadilishana habari za mgonjwa. Kinachotumiwa sana leo kinaitwa FHIR. Mkataba ukilazimisha kila kitu kitunzwe na kitolewe kwa kiwango hicho, kliniki ya mtu binafsi kule Satellite inaweza kuendelea na programu yake ndogo na bado ikatuma habari Kenyatta. Bila hivyo, kila mmoja atalazimishwa kununua duka moja.

La tatu ni kufanya kazi gizani. Mfumo uandike bila mtandao na utume baadaye wenyewe, bila mtu kuingiza upya. Hili si pambo. Katika vituo vya mashambani, na hata vya mjini siku ya mvua, ndilo linaloamua kama mfumo unatumika au unasingiziwa kutumika.

La nne ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya kuwa nyeti, na mahakama za Kenya zimeonyesha kwamba hazitanii: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikwenda kinyume cha sheria kwa kukosa tathmini ya athari kwa faragha ya watu. Tarehe 4 Desemba 2025, Mkuu wa Mawaziri wa Kenya, Musalia Mudavadi, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, walitia saini Washington makubaliano ya afya ya miaka mitano, Marekani ikiahidi hadi dola bilioni 1.6 na Kenya kuongeza dola milioni 850. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya kupeana data za wagonjwa. Ukisema data ni rasilimali ya taifa, jiandae kuulizwa ufunguo wa ghala unaye nani. Jibu linalomfaa mwananchi ni rahisi: kila anayefungua faili lake aache jina na saa, na mwenye faili aweze kuona.

La tano ni kuachana. Siku mkataba utakapokwisha, data yote itolewe kwa muundo unaosomeka, na nakala ya programu pamoja na maelezo yake zikabidhiwe. Wakenya wa kutosha wawe wamefundishwa kuiendesha. Na zoezi hilo lisisubiri siku ya talaka. Lifanywe kila mwaka, kwa kaunti moja, kama zoezi la moto: chukua data ya Nairobi, iweke kwenye seva nyingine, uone kama inasimama.

Kulipia kinachosahaulika

Mambo hayo matano yote yanaweza kuandikwa vizuri na bado tukarudi tulikoanza, kama malipo yatabaki yanafuata dai peke yake. Ndiyo maana naliweka la sita peke yake. Mkataba unaolipa kwa asilimia ya madai uongezewe kipimo kingine: sehemu ya malipo ifuate kumbukumbu zilizokamilika. Mama aliyeonekana Riruta na kusomeka Mbagathi. Mtoto ambaye ratiba yake ya chanjo inaonekana kwenye zahanati ambayo hajawahi kufika. Mwenye kisukari ambaye vipimo vyake vya miezi sita viko mahali pamoja. Haya yanahesabika, na kompyuta ndiyo inayoyahesabu vizuri kuliko kitu kingine chochote.

Watu wa kuyaandika wapo. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba na simu za kazi. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua nani ana mimba kabla hajafika kliniki, na wanajua mlango gani haufunguliwi kwa sababu mgonjwa yumo ndani. Wao ndio Mosoriot mpya, kwa sharti lilelile la Mosoriot: wanachoandika kiwarudie. Mhudumu aliyeandika rufaa asubuhi aone kwenye simu yake jioni kwamba mama alifika na alipimwa. Asipoona chochote, baada ya miezi michache ataandika ili aonekane ameandika.

Mkataba wa miaka 10 ulioanza 2024 utafika ukingoni 2034, na kati ya sasa na hapo yatakuwapo marekebisho, nyongeza na mazungumzo mapya ya bei. Mikataba mirefu haikosi hayo. Kaunti ziwe mezani, kwa sababu hospitali ni zao. Wauguzi wawe mezani, kwa sababu kaunta ni yao. Na kabla ya kujadili kama asilimia 5 ishuke iwe 4, aulizwe mwenye kalamu ya Hazina: ni senti ngapi zimetengwa kwa chanjo iliyoandikwa? Jibu likiwa sifuri, tutajua bado tunanunua mashine ya risiti, na bei yake itabidi ijadiliwe kama ya mashine ya risiti.